Mkufunzi na Madarasa Yake Mawili

Nikiulizwa yule mkufunzi aliyenifunza ualimu aliamini nini hasa, nabaki kujikuna kichwa. Nilikuwa mwanafunzi wake chuoni, kisha nikarudi kuwa mkufunzi katika chuo kile kile, nikaketi naye ofisi moja mpaka siku alipostaafu, na wallahi hadi leo sina jibu. Jumatatu alikwambia hivi, Alhamisi akakwambia vile, na mara zote mbili alikutazama kana kwamba wewe ndiye uliyebadilisha maneno. Mbele yake tulimwita Madam. Nyuma yake tulimwita Mkufunzi tu, utadhani chuo kizima hakikuwa na mwingine.

Ningeliacha suala hili lilale lilipolala kama si Akinyi. Akinyi ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, msichana wa watu wa ziwani, mama yake anauza samaki sokoni Kisii mjini. Mbele ya wenzake chuoni Akinyi anafundisha mpaka unasahau kwamba umekuja kumpa maksi. Tukampeleka shule moja karibu na Kebirigo kwa mazoezi, akasimama mbele ya watoto wa gredi ya pili, na katikati ya somo akaweka chaki mezani, akatoka nje, akasimama kando ya tangi la maji mpaka kengele ikalia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi nyuma ya darasa. Ijumaa iliyofuata kamati ilikuwa ikae, na neno langu ndilo lingeamua kama atafuzu au atarudi nyumbani. Akirudi nyumbani habari ya ualimu imekwisha, kwa sababu mama yake ameshamtafutia meza ya kuuzia samaki.

Sasa hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kunizunguka. Lililompata Akinyi ndilo lililonipata mimi nilipokuwa mwanafunzi. Mkufunzi aliketi nyuma akaniona nikianguka vile vile, naye akanipitisha. Kwa nini? Kama alinipitisha kwa huruma, basi mimi nisirudie kosa lake. Kama kuna kitu alikiona kwangu, nilitaka kujua ni kitu gani, nikakitafute kwa Akinyi. Na Ijumaa ilikuwa inakuja mbio.

Kwanza niwaeleze madarasa yake mawili, maana bila hayo hamtamwelewa. Hata mkiwa nayo hamtamwelewa, lakini tujaribu.

Chuoni kuna namna mbili za kujifunza kazi kabla ya kupewa kazi. Ya kwanza ni darasa la wenzako. Unasimama mbele ya wanafunzi wenzio, watu wazima wenye ndevu, wengine na watoto wao nyumbani, wanajifanya wana miaka saba, nawe unawafundisha kwa muda mfupi huku mkufunzi anatazama. Ya pili ni shule yenyewe, na watoto wenyewe, na kamasi zenyewe. Wakufunzi wengi hulipitia darasa la wenzako harakaharaka kwa sababu kila mtu anajua ni maigizo. Yeye aliligeuza likawa kitu cha kukufanya utokwe jasho la mgongo.

Alikuwa na mtindo wake wa kunong'ona. Kabla hujaanza kufundisha, alipita kitini hadi kitini, akainama, akamnong'oneza kila mmoja sikioni yeye ni mtoto gani siku hiyo. "Wewe unajua jibu, lakini ukisema utachekwa." "Wewe umetoka mbali na kiatu kinakubana." "Wewe baba yako amerudi jana." Basi, hakueleza zaidi. Wewe mwalimu ulisimama pale na andalio lako la somo na zana zako za karatasi ya manila, hujui nani ameambiwa nini. Siku moja jamaa mmoja mrefu aliinamisha kichwa kipindi kizima. Nikamwita, kimya. Nikamwita tena, kimya. Nikapandwa na hasira, nikamwacha, nikaendelea na wengine. Baadaye nikamuuliza kwa ukali aliambiwa nini. Akasema, "Aliniambia mimi sisikii vizuri, na hakuna aliyewahi kujua."

Mwezi wa Ramadhani alinifanyia kitu ambacho nikikikumbuka nacheka peke yangu. Mimi ni mtoto wa mjini Kisii, familia ya Kiislamu. Babu alikuja na biashara ya nguo, akaoa hapa, na sisi tukazaliwa nyuma ya duka tukizungumza Kiswahili kama watu wengine wanavyozungumza Ekegusii. Mkufunzi aliniita msichana wa duka. Basi zamu yangu ya kuwa mtoto ilifika, akainama sikioni, akaninong'oneza, "Leo wewe hujala tangu jana." Nikamgeukia nikamwambia, "Madam, mimi kweli sijala." Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye kiti cha mtu. Darasa zima likabaki linatazamana. Akafuta machozi, akasema, "Haya, basi kaa hivyo hivyo ulivyo." Na alipomaliza kusema hivyo uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyekwazika na kitu, akatoka nje kidogo kabla ya kurudi. Nini kilimkwaza, sikujua wakati ule na sijui sasa.

Alivaa raba nyeupe na sketi ndefu. Chaki alikuwa anaichomeka kwenye nywele juu ya sikio, halafu anaanza kuitafuta mezani, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikunywa chai ya rangi yenye sukari ya kuumiza meno, huku analalamika kwamba sisi tunaochuma majani mazuri ndio tunaorudishiwa vumbi la kiwandani. Neno lake kubwa lilikuwa "Futa." Uko katikati ya somo, ubao umeupamba kwa rangi, unajisikia mwalimu kweli, mara unasikia kutoka nyuma: "Futa." Unafuta wote. Unaanza upya. Hakusema umekosea wapi. Mpishi wa chuo alipoleta ugali mbichi, alisukuma sahani akasema, "Futa." Naibu wa mkuu alipohutubia kwenye gwaride hadi jua likatupiga utosini, nilimsikia pembeni yangu anasema kwa sauti ndogo, "Jamani, futa."

Makofi aliyachukia. Mwenzetu akimaliza vizuri tunapiga makofi, ndiyo adabu, si ndiyo? Yeye alisimama akauliza, "Mnampigia makofi ya nini? Kuna mtu hapa amejifunza kitu ambacho hakukijua asubuhi?" Tukashusha mikono. "Basi huo ni mchezo. Nendeni shuleni mkaone watoto." Tukatoka pale tumeshika kwamba darasa la wenzetu ni upuuzi mtupu. Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja, akitaka kumpendeza, akasema kwenye mjadala kwamba darasa la wenzetu ni upuuzi mtupu. Weee! Mkufunzi alimgeukia kwa ukali. "Upuuzi? Hapa ukikosea unamkosea nani? Huyu mwenye ndevu? Huko nje ukikosea, mtoto anabeba kosa lako anakwenda nalo nyumbani, na kesho yake analirudia mbele ya mwalimu mwingine anapigiwa kelele. Hapa ndipo mahali pekee pa kukosea bila dhambi." Yule mwanafunzi akaketi taratibu. Sote tukaandika maneno hayo kwenye madaftari chini ya yale ya wiki iliyotangulia, na tulipojisomea kwa mtihani tulikosa pa kushika.

Nilipokuja kuwa mkufunzi nikadhani sasa nitamwelewa, maana tunakula meza moja. Wapi! Kulikuwa na mwalimu mmoja mzee wa hisabati ambaye kila mwaka alitaka darasa la wenzako lifutwe, wanafunzi wapelekwe shuleni moja kwa moja wakaogelee au wazame. Nilimwona Mkufunzi kwa macho yangu akimshinda mzee huyo kwa hoja, moja baada ya nyingine, mpaka mzee akainua mikono akasema, "Sawa, Madam, umeniweza, tuongeze basi vipindi vya darasa la wenzako." Mkufunzi akamimina chai. "Tuongeze?" akasema. "Ili wazidi kujidanganya?" Mzee akanitazama mimi kama anayeomba shahidi. Nami nikatazama dirishani.

Mwishomwisho kabla hajastaafu akaja mwenzetu mpya na namna ya tatu, kurekodi video kwa simu. Mwanafunzi anafundisha, anarekodiwa, kisha mnakaa mnamtazama. "Video haidanganyi," ndivyo anavyosema mwenzangu huyo, na anasema hivyo mpaka leo. Sote tulingoja Mkufunzi aseme futa. Badala yake akaomba arekodiwe yeye. Akafundisha somo zima, akajitazama kwenye simu ameisogeza karibu na pua, akarudia kutazama, kisha akairudisha. "Huyu mama anaongea sana," akasema. Wiki nzima baada ya hapo hakuzungumza darasani ila kwa mikono na kwa macho, na wanafunzi wake wakaja kuniuliza kama Madam ana tatizo la koo.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukibadilisha. Tukifika shule yoyote kutazama wanafunzi wetu, mwalimu mkuu hutoka na suti yake, mkono umenyooshwa, karibuni, karibuni. Mkufunzi alimpita. Alikwenda kwa watoto waliokuwa wamesimama karibu, akawasalimia kwa mkono mmoja mmoja, "Bwakire, bwakire," na mwalimu mkuu yuko pale na mkono wake hewani. Akimaliza ndipo anarudi kuusalimia ule mkono. Niliona aibu kila mara. Baadhi ya walimu wakuu walisema ana kiburi, na pengine alikuwa nacho.

Haya, sasa nieleze nilivyoanguka, kwa kuwa yote yanatoka hapo.

Somo langu lilikuwa hesabu, kutoa. Nililifundisha kwanza kwenye darasa la wenzetu. Nilikuwa nimechora ndizi za manjano kwenye manila, nikazikata moja moja, nikazibandika ubaoni. Mama ana ndizi kumi na mbili. Ameuza tano. Amebaki na ndizi ngapi? "Saba!" wenzangu wakaitikia. Hata wale walionong'onezwa kwamba hawajui hesabu walijikuta wanaitikia. Nilipendwa siku hiyo. Makofi yalipigwa, aibu au si aibu, na Mkufunzi hakusema futa. Nikajiona nimefika.

Kisha nikapelekwa Nyacheki, huko kwenye chai, darasa la pili. Nikabandika ndizi zangu. Mama ana ndizi kumi na mbili, ameuza tano, amebaki na ngapi? Kimya. Nikadhani hawakusikia, nikarudia. Mtoto mmoja wa kike akainua mkono, akauliza kwa Kiswahili cha kuchagua maneno, "Mwalimu, ameuza tano kwa nani?" Nikasema kwa mtu tu, mteja. Akatikisa kichwa. Mwingine akasema, "Hakuna mtu anauza ndizi tano. Ukiuza unauza mkungu." Mwingine akasema labda kulikuwa na mgonjwa, mama akamkatia. Mwingine akataka kujua kama mkungu ulikuwa umekomaa. Na hapo darasa zima likalipuka kwa Ekegusii, wanabishana, wanasimama kwenye madawati, wananionyesha kwa mikono ukubwa wa mikungu ya kwao.

Ekegusii changu ni cha kununulia nyanya. Nilishika neno moja moja tu. Mimi ndizi nimezijua zikiwa mezani, za kuhesabika. Wale watoto walizijua zikiwa shambani. Wenzangu wote chuoni wametoka kwenye mashamba ya ndizi, jamani, kila mmoja wao, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali lile, kwa sababu walijua mimi nataka kusikia saba. Nikageukia ubao. Nilikusudia kuandika kitu. Sikuandika. Nilisimama nimewapa watoto mgongo, chaki mkononi, na sauti haikuja, na nyuma yangu kelele zinaendelea. Sijui nilisimama vile kwa muda gani. Kengele ilipolia nikageuka, na kiti cha Mkufunzi kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwishaingia kwenye gari la chuo, na njia nzima hakuniambia neno.

Wiki iliyofuata nikapewa ujumbe kwamba nirudi Nyacheki, darasa lile lile, nimalize mazoezi. Nikarudi, nikamaliza, nikafuzu. Na hapo ndipo nilipojenga maisha yangu. Kila nilipokata tamaa na kazi hii, na nimekata mara nyingi, nilijiambia: yule mama mkali aliniona siku niliyokuwa mbaya kuliko siku zote, na bado akaona mwalimu. Hata mume wangu nimemsimulia hivyo. Wanafunzi wangu nimewasimulia hivyo.

Basi Alhamisi, siku moja kabla ya kamati, nikaomba ruhusa nikaenda Ekerenyo, ambako Mkufunzi amestaafia. Nilikuwa sijamwona tangu tulipomwandalia karamu ya kumuaga. Nikaachwa na pikipiki kwenye njia ya shambani, nikamkuta kwenye chai yake anachuma, kapu mgongoni, raba nyeupe zile zile au ndugu zake.

"Msichana wa duka," akasema bila kuonyesha mshangao. "Umenenepa. Ni vizuri. Kaa hapo kwenye jiwe, nimalizie huu mstari."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga kuanza na salamu, habari za watoto, habari za magoti. Lakini nilikuwa nimebeba swali hilo tangu wiki iliyopita na likanitoka lenyewe. Nikamweleza habari ya Akinyi yote, jinsi anavyong'aa mbele ya wenzake, ile chaki mezani, lile tangi la maji. Nikamwambia mwenzangu wa simu alikuwepo, akamrekodi, na kamati nzima imeshaona video, na katika video unamwona Akinyi akitoka mlangoni na darasa limebaki bila mwalimu. Kisha nikamuuliza, "Madam, mimi ulinipitisha kwa nini? Siku ile Nyacheki. Uliona nini?"

Akaendelea kuchuma. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe.

"Nani alikwambia nilikupitisha?"

Nikadhani anatania, kama kawaida yake. Nikacheka.

"Mimi nilikuangusha," akasema. "Niliandika urudi nyumbani. Niliandika huyu hawezi, anaogopa watoto. Niliandika ndani ya gari, wewe umekaa kando yangu."

Jamani. Nikainuka kwenye lile jiwe, nikakaa tena. Nikamuuliza kama ni hivyo, ilikuwaje nikaitwa kurudi.

Akavua kapu, akaliweka chini, akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Akanieleza kwamba siku chache baadaye, kabla uamuzi haujasomwa, mwalimu wa lile darasa la Nyacheki alifika chuoni kwa pikipiki, amelowa mvua chapachapa, anamtafuta Mkufunzi. Hakuja kuniombea. Alikuja kulalamika. Alisema watoto wake hawataki kuendelea na somo lingine. Kila siku wanabishana juu ya yule mama na ndizi zake. Wamekwenda nyumbani wakawauliza mama zao ni lini mtu anaweza kuuza ndizi tano. Wameleta chana nzima ya ndizi darasani, wakazihesabu wenyewe, wakakubaliana. Na sasa wanauliza yule mwalimu aliyenyamaza anarudi lini, kwa sababu wamepata jibu na wanataka kumwambia yeye mwenyewe.

"Nilimwambia huyo mwalimu hatarudi," akasema Mkufunzi. "Akanikasirikia. Akasema basi njoo wewe uwaambie watoto. Nikashindwa. Nikaenda kwa mkuu, nikaomba nilichoandika kiondolewe."

Ndipo nikakumbuka kwamba niliporudi Nyacheki, kabla sijaweka hata mkoba mezani, watoto walisimama wote wakapiga kelele: saba! Miaka yote nimeamini walikuwa wananidhihaki. Nimelia kwa ajili ya ile saba, wallahi.

Sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia yeye, kwanza kwa kuniangusha, halafu kwa kunificha. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea. Nikamwambia, "Mimi nimeishi nikijua wewe uliniona."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unawasimulia wanafunzi, na mimi nimekaa pale pale ofisini nakusikia. Nilikuwa nataka kukwambia. Nilikuwa naona inakusaidia."

Chini huko mtu alikuwa anapasua kuni. Baadaye nikamuuliza, sauti imeshuka, kwamba sasa nimfanyeje Akinyi, nitazame nini, darasa la wenzake alilong'aa au darasa la watoto alilolikimbia, na hii video nayo niiweke wapi.

"Huyo msichana shuleni ulimwona siku ngapi?"

"Moja. Ndiyo ratiba, Madam. Wewe ndiye uliyeipanga."

"Mimi pia wewe nilikuona siku moja."

Alisema hivyo akitazama mikono yake, iliyokuwa imegeuka rangi kwa utomvu wa chai. Akasema amebishana na watu maisha yake yote kuhusu darasa la wenzako na darasa la watoto, lipi la kweli, lipi la uongo, na kila upande aliouchukua aliona unateleza, ndiyo maana akawa anaruka huku na huku. Na wakati wote huo alikuwa anakwenda shuleni siku moja, anakaa nyuma, anaandika, anaondoka. "Wewe ulipata mtu wa kupanda pikipiki na mvua," akasema. "Wengine hawakupata mtu." Niliona macho yake yamejaa, na nikaona haya kumtazama, nikaanza kuokota majani ya chai yaliyoanguka nje ya kapu.

Kisha akasimama ghafla, akapangusa sketi. "Hao watoto wa Kebirigo wanatoka saa ngapi?"

"Gredi ya pili, mchana."

"Tutawakuta tuwaulize wenyewe."

Nikamwambia magoti yake hayatawezana na pikipiki. "Yaya," akasema, yaani hapana, na alishaanza kushuka njia. Nikamfuata. Njiani nikamwambia kesho sitasema apite wala asipite. Nitaomba Akinyi arudi darasa lile lile, na mimi nikae naye siku zote, na simu ya mwenzangu ibaki mfukoni. Niliomba hivyo, na kamati ikakubali kwa kunung'unika. Ninapoandika haya Akinyi yuko Kebirigo, asubuhi yake ya tatu, na bado sijui kama ataweza.

Lakini siku ile tulipofika sokoni Ekerenyo kutafuta pikipiki, mwanamke mmoja aliyekuwa amepanga mboga juu ya gunia akainuka akaita, "Mwalimu! Mwalimu wangu!" Alikuwa na uso wa uchangamfu na sauti nzuri ya mtu anayeongoza nyimbo. Akamshika Mkufunzi mikono yote miwili, akamuuliza magoti yanaendeleaje, akanikaribisha nami, akauliza kama mimi pia nilisoma chuoni kwa Mwalimu. Nikasema ndiyo. "Tuko pamoja basi," akasema akicheka. "Mimi sikumaliza. Kufundisha hakukuwa kazi yangu, Mwalimu aliliona hilo mapema." Mkufunzi alikuwa anatazama barabara, mkono juu, anasimamisha pikipiki. Yule mwanamke akachagua fungu la chinsaga, mboga ambayo watu wa huku wanaipenda kuliko nyama, akaongeza fungu jingine juu yake, akanitilia mikononi, na nilipofungua mkoba nimlipe akakataa kabisa, eti mgeni wa Mwalimu halipi. Pikipiki ikasimama. Mkufunzi akapanda kwanza, kiupandeupande, akavuta sketi, hakugeuka nyuma. Nami nikapanda nyuma yake na zile mboga mapajani, bado zina umande, nikazishika hivyo mpaka Kebirigo.